STESHENI ZA CHINI YA ARDHI: GINSI YA KUZIJENGA ILI ZISILE UMEME MWINGI



Hapa Kamina hakuna mutu asiyejua treni. Muji wetu ulikuzwa na njia ya chuma. Kwa gare yetu reli zinaachana: moja inashuka kusini kuelekea Lubumbashi, ingine inaenda Ilebo, ingine tena inaelekea Kabalo na Kalemie. Tunajua vilevile kwamba treni inaweza kutembea kwa umeme. Mwaka 1952 kipande cha kwanza cha njia ya umeme kilianza kazi kati ya Likasi na Tenke, kisha waya za volti 25.000 ziliendelea kufungwa juu ya reli mpaka zikafika kwetu. Umeme ule ulitoka kwa nguvu ya maji: muto Lufira pa Mwadingusha na Koni, na muto Lualaba pa Nzilo na Nseke.

Lakini kuna treni za aina ingine ambazo wengi wetu tumeziona kwa picha tu: zile zenye kutembea chini ya ardhi, katikati ya miji mikubwa. Zinaitwa metro. Katika ukurasa huu tunataka kueleza jambo moja juu yake: ginsi gani stesheni ya chini ya ardhi inaweza kujengwa ili isile umeme mwingi.

Mutatuuliza: jambo hili linatuhusu nini, sisi wa Kamina? Linatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, mambo tunayojifunza darasani katika fizike, yaani mwendo, joto, hewa na umeme, yote yanakutana mule pamoja. Ya pili, katika inchi yetu watu walio wengi hawana umeme hata wa taa moja, na Kinshasa, muji wa watu zaidi ya milioni 15, hauna metro. Siku moja mutu atapaswa kuchora stesheni hizo, na atazichora kwa inchi ambayo umeme ni mali ya shida. Pengine mutu huyo anasoma ukurasa huu sasa.

1. METRO ZIKO WAPI?

Metro ya kwanza ya dunia ilifunguliwa London, Uingereza, mwaka 1863. Ilivutwa na mashini za moshi, na munaweza kufikiri wenyewe ginsi wasafiri walivyokohoa mule ndani. Mwaka 1890, muji uleule ulipata treni ya umeme yenye kupita chini sana, na toka pale miji mingine ikafuata.

Katika Afrika, muji wa kwanza kupata metro ni Cairo, Misri, mwaka 1987. Addis Ababa, Ethiopia, ilifungua treni yake ya umeme ya muji mwaka 2015. Sehemu kubwa iko juu, sehemu ndogo inapita chini ya ardhi. Tanzania ilianza mwaka 2024 kupeleka wasafiri kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, lakini ile ni treni ya safari ndefu, si metro. Ng'ambo ya bahari, muji wa Dubai, pahali ambapo watu wengi wenye kusema Kiswahili wanatafuta kazi, ulifungua metro yake mwaka 2009. Kule, joto la nje linapita digri 40 kwa wakati wa jua kali, na stesheni za chini ya ardhi zinapaswa kupozwa kila siku.

2. CHINI YA ARDHI HAKUNA KITU CHA BURE

Hebu tulinganishe. Kwa gare yetu, jua linaleta mwanga bila malipo. Upepo unapita bila malipo. Mvua ikinyesha, maji yanatelemuka na kwenda zake. Musafiri anatembea kwa miguu yake mpaka kwa treni. Umeme ukikatika saa sita ya muchana, watu hawatakufa. Watakasirika tu na kungoja.

Chini ya ardhi mambo yote haya yanageuka. Mwanga unanunuliwa. Hewa inanunuliwa. Maji yenye kuingia katika kuta yanapaswa kuvutwa juu na pampu, muchana na usiku, hata kama hakuna treni inayopita. Wasafiri wenyewe wanapaswa kushushwa na kupandishwa.

Sisi wa Katanga tuko na mufano wa kweli wa neno hili karibu yetu. Pa Kipushi, karibu na Lubumbashi, kuna mugodi wa shaba na zenki wenye kushuka zaidi ya metre 1.000 chini. Kazi ya kuchimba ilisimama mwaka 1993, lakini maji hayakusimama. Pampu zilipaswa kuendelea miaka na miaka, bila faida ya kilo moja ya zenki. Mwaka 2011 pampu kubwa za chini zikashindwa, na maji yakapanda yakafunika sehemu ya chini ya mugodi. Ilichukua muda murefu na kazi nyingi kuyatoa tena. Kutoa zenki kulianza upya mwaka 2024 tu.

Tushike neno hilo: shimo halina likizo. Mutu mwenye kujenga chini ya ardhi anaandika deni ambalo litalipwa kila saa kwa miaka 100. Kwa hiyo enjenieri mwenye akili hatafuti kwanza mashini nzuri. Anatafuta kwanza ginsi ya kupunguza mambo ambayo yataomba mashini.

3. JOTO LINATOKA WAPI?

Wengi wanafikiri kwamba chini ya ardhi ni baridi. Ni kweli, lakini si kwa siku zote. Maji ya kisima kirefu, ukiyavuta saa sita ya muchana katika mwezi wa kumi, unayasikia baridi. Maji yaleyale, ukiyavuta asubuhi mapema mwezi wa saba wakati wa baridi, unayasikia yenye joto kidogo. Maji hayakubadilika, ni hewa ya nje iliyobadilika. Udongo wa chini unashika joto la katikati, lile la wastani wa mwaka muzima.

Basi, pa London, udongo wenye kuzunguka njia za metro ulikuwa karibu digri 14 wakati ulipochimbwa, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Watu wa siku zile walikimbilia metro wakati wa jua ili wapoe. Leo udongo uleule umefika digri 19 mpaka 26 kwa pahali pengi, na ndani ya treni watu wanatoka jasho. Ni nani aliyewasha moto? Ni treni zenyewe, na zaidi ya yote, freni zake.

Tufanye hesabu pamoja, kama darasani. Tuchukue treni ya tani 200 yenye kuingia katika stesheni kwa mwendo wa kilometre 60 kwa saa, ndiyo kusema metre 16,7 kwa segonde. Nguvu ya mwendo wake ni nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo. Tunapata karibu julu milioni 28, yaani kilowati-saa 7,7. Treni inaposimama, nguvu hiyo haipotei. Inageuka kuwa joto.

Joto hilo ni kadiri gani? Linatosha kuchemusha karibu litre 83 za maji kutoka digri 20 mpaka digri 100. Ni bidoni nne za litre 20, zote zinachemuka, kwa kusimama kwa treni moja! Sasa tuseme treni 30 zinapita kila saa kwa kila upande. Zote pamoja ni 60, na joto lake ni kilowati-saa 460 kila saa, ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Tuongeze watu. Mutu mumoja mwenye kusimama tu anatoa joto la wati 100 hivi, kama balbu ya zamani. Watu 800 wakingoja treni ni kilowati 80. Tuongeze tena taa, ngazi za umeme na mashini zingine.

Hapa muone ubaya wake: joto linalipwa mara mbili. Mara ya kwanza unalipa umeme wenye kuleta joto. Mara ya pili unalipa umeme wa kulitoa. Mashini ya kupoza hewa inaomba karibu wati moja ili kuondoa wati tatu za joto. Kwa hiyo kila kitu chenye kuzuia joto lisizaliwe kinaleta faida mara mbili.

4. KAZI INAANZA KWA KARATASI: KINA NA KILIMA

Swali la kwanza la enjenieri ni hili: stesheni ishuke mpaka wapi? Stesheni Arsenalna, kule Kyiv, Ukraine, iko chini kupita metre 100, kwa sababu muji uko juu ya kilima na njia inapaswa kutoka chini, upande wa muto. Pale hapakuwa na njia ingine. Lakini pahali ambapo unaweza kuchagua, kila metre ya kina inaomba umeme siku zote.

Tuhesabu tena. Kupandisha mutu wa kilo 60 metre 30 kunaomba julu 17.700 hivi. Ni kidogo. Lakini watu 50.000 kwa siku wanafanya karibu kilowati-saa 245, na hatujahesabu uzito wa ngazi yenyewe yenye kuzunguka hata ikiwa tupu. Stesheni ikiwa na kina cha metre 10, hesabu inashuka mpaka 82. Na jambo ingine zuri: kwa metre 10, watu wengi wenye nguvu watapanda kwa miguu, na ngazi za umeme zitabaki kwa wazee, wagonjwa na wenye mizigo.

Swali la pili linashangaza zaidi, na ndilo tunalolipenda sisi. Treni inapaswa kupunguza mwendo kila inapoingia, na kupata mwendo kila inapotoka. Je, hatuwezi kupata musaidizi wa bure? Musaidizi yuko, na kila mwenye kinga anamujua. Ukiwa juu ya kinga yako na kuona kilima mbele, hauhitaji freni. Kilima chenyewe kinakupunguza. Ukitelemuka upande ule mwingine, hauhitaji kukanyaga; kinga inakimbia yenyewe.

Hivyo ndivyo walivyofanya pa London kwa njia ya katikati ya muji iliyofunguliwa mwaka 1900. Stesheni ziliwekwa juu kidogo kuliko njia yenyewe. Treni inapanda kidogo kabla ya kufika, metre 1 kwa kila metre 60, na inapotoka inatelemuka kwa nguvu zaidi, metre 1 kwa kila metre 30. Montreal, Kanada, mwaka 1966, na njia ingine ya London mwaka 1968, zilifuata akili hiyohiyo.

Faida yake ni nini? Turudi kwa treni yetu ya tani 200. Ikipanda metre 3 tu, inaweka akiba ya julu milioni 5,9, zaidi ya sehemu moja kwa tano za nguvu ya mwendo wake. Sehemu hiyo haiwi joto la freni. Inangoja mule, kama maji katika bwawa la Nzilo, na treni ikitoka inairudisha. Hakuna mashini, hakuna mafuta, hakuna kitu cha kuharibika. Lakini kilima hicho kinaweza kuwekwa mara moja tu: wakati wa kuchora. Njia ikiisha kuchimbwa sawasawa, hakuna mutu atakayeweza kuigeuza.

5. FRENI YENYE KURUDISHA UMEME

Sehemu inayobaki, tuifanye nini? Tumejifunza kwamba moteri ya umeme inaweza kufanya kazi kinyume. Ukiipa umeme, inazunguka; ukiizungusha kwa nguvu, inatoa umeme. Treni za leo zinatumia neno hilo: zikitaka kusimama, moteri zake zinakuwa dinamo na kurudisha umeme kwa waya.

Lakini kuna shida. Metro nyingi zinatumia umeme wenye kwenda upande mumoja, wa volti 750 au 1.500, si ule wenye kugeukageuka kama wa njia yetu. Umeme uliorudishwa unapaswa kukuta treni ingine karibu yenye kuutumia saa ileile. Kama hakuna, hauna pa kwenda, na unageuka joto tu. Njia ya kwanza ya kutengeneza ni kupanga saa vizuri: treni moja isimame wakati ingine inatoka. Hiyo haiombi chuma, inaomba kalamu na akili. Njia ya pili ni kuweka mashini yenye kugeuza umeme huo na kuurudisha kwa muji. Pa London walijaribu mashini ya namna hii mwaka 2015 kwa juma tano. Umeme uliopatikana ungeweza kuendesha stesheni kubwa kama Holborn zaidi ya siku mbili kila juma.

6. MILANGO NA HEWA

Munajua pompe ya kinga. Ukisukuma kijiti, hewa inakimbia mbele yake. Treni ndani ya njia nyembamba inafanya vilevile: inasukuma hewa mbele na kuvuta ingine nyuma. Mutu mwenye kusimama kwa jukwaa, ile nafasi ya kungojea treni, anasikia upepo kabla ya kuona taa.

Upepo huo ni rafiki na ni mwizi. Ni mwizi katika inchi za joto, kwa sababu unabeba hewa iliyopozwa kwa bei kubwa na kuitupa njiani, kisha unaleta joto la freni kwa watu. Singapore, ambayo iko karibu na mustari wa ikweta kama sisi, ilipofungua metro yake mwaka 1987, iliweka ukuta wa kioo mbele ya jukwaa, wenye milango inayofunguka tu wakati treni imesimama sawasawa mbele yake. Sababu yake kubwa ilikuwa kushika hewa baridi upande wa watu. Dubai ilifanya vilevile. Tena, milango hiyo inazuia watu wasianguke kwa reli. Kitu kimoja, faida mbili.

Upepo ni rafiki pahali pasipo joto kali. Enjenieri anachimba mashimo ya hewa karibu na stesheni, yenye kutoka juu. Treni ikikaribia, hewa ya moto inasukumwa nje kwa shimo. Treni ikitoka, hewa mupya inavutwa ndani. Treni inafanya kazi ya mashini ya kupuliza bila kulipwa mushahara.

Mutu asifikiri kwamba akili hii ni ya Wazungu peke yao. Katika pori zetu za Katanga kuna vichuguu vikubwa sana, vingine vinapita urefu wa nyumba. Muchwa hawana umeme. Lakini kwa unene wa udongo na kwa njia nyingi za hewa, wanaweza kukaa maelfu kwa maelfu mule ndani bila kukosa pumzi na bila joto lenye kupandapanda. Pa Harare, Zimbabwe, muchoraji wa majengo Mick Pearce aliangalia vichuguu hivyo, na jumba lake linaloitwa Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996, linapozwa zaidi na hewa ya usiku yenye kupita ndani ya kuta zake.

7. MWANGA NA NGAZI

Watu wengi, wakisikia neno kupunguza umeme, wanafikiri kwanza taa. Taa zina sehemu yake, lakini si ya kwanza. Hata hivyo, taa za namna ya LED zinatoa mwanga uleule kwa umeme kidogo kuliko balbu za zamani, na joto lake ni kidogo vilevile. Kumbukeni hesabu ya kulipa mara mbili!

Tena, kwa nini stesheni ya chini isione jua? Pa London, stesheni Canary Wharf, iliyofunguliwa mwaka 1999, ilichorwa na Norman Foster. Aliweka juu ya milango yake dari kubwa za kioo zenye mugongo wa mviringo, na muchana mwanga wa jua unaanguka mpaka chini kwa ukumbi mukubwa. Wasafiri hawaulizi njia, wanafuata mwanga. Kuta zikipakwa rangi nyeupe, taa moja inafanya kazi ya mbili. Hilo hata sisi tunaweza kulijaribu kwa bweni letu.

Kwa ngazi za umeme, dawa ni rahisi: zipunguze mwendo kama hakuna mutu, na ziamuke mutu akikaribia.

8. JOTO LIWE MALI

Baada ya kufanya hayo yote, joto fulani litabaki. Je, ni takataka tu? Pa London, katika mutaa wa Islington, kuna stesheni ya zamani, City Road, iliyofungwa mwaka 1922. Shimo lake la hewa lilibaki. Toka mwaka 2020 mashini inavuta hewa ya moto ya metro kwa shimo hilo, inachukua joto lake, inapasha maji, na maji hayo yanapelekwa kwa mabomba kupasha nyumba zaidi ya 1.000. Wakati wa jua, mashini inaweza kugeuzwa ili ipeleke hewa ya baridi chini.

Kwetu hakuna mutu mwenye kuhitaji nyumba ipashwe moto hivyo. Lakini maji ya moto yanahitajiwa kwa hospitali, kwa majiko makubwa, kwa viwanda. Na yale maji ya chini tuliyosema yanaleta hasara, yenyewe yanaweza kuwa baraka. Kwa stesheni Green Park, pa London, walichimba visima, na toka mwaka 2012 maji ya baridi ya chini yanatumiwa kupoza hewa ya jukwaa. Maadui wawili wa shimo, maji na joto, wanapiganishwa mumoja na mwenzake.

9. MAMBO YASIYOFAA KUPUNGUZWA

Sasa tunafika kwa neno zito. Mutu akipenda sana kuhesabu kilowati, anaweza kusahau watu.

Tarehe 18 mwezi wa 11 mwaka 1987, kwa stesheni King's Cross ya London, moto ulianza chini ya ngazi ya umeme iliyokuwa ya mbao. Watu 31 walikufa. Tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2003, pa Daegu, Korea ya Kusini, treni iliwashwa moto na mutu mumoja, na moto ukashika treni ya pili. Watu 192 walikufa, wengi wao kwa moshi. Chini ya ardhi, moshi unapanda kwa njia ileile ambayo watu wanataka kukimbilia. Kwa hiyo stesheni inapaswa kuwa na mashini za hewa zenye nguvu nyingi kuliko zinazohitajiwa kwa siku za kawaida, na umeme wa akiba, na taa za kuonyesha njia hata umeme wa muji ukikatika.

Mashini hizo, siku nyingi, zinalala. Mwenye kuangalia hesabu tu atasema: ni hasara, tuziondoe. Hapana. Tunapunguza umeme wa freni, wa taa za bure, wa ngazi zenye kuzunguka tupu. Hatupunguzi pumzi ya mutu. Na enjenieri wa inchi yetu, ambako umeme unakatika mara nyingi, anapaswa kujiuliza kabla ya yote: umeme ukikosa saa hii, watu 800 walio chini watatoka kwa njia gani, na watapumua nini? Ndiyo maana stesheni yenye kuomba umeme kidogo ni stesheni ya salama zaidi vilevile. Ikiwa hewa inapita yenyewe, ikiwa jua linafika chini, ikiwa ngazi si ndefu, basi akiba ndogo ya umeme itatosha kuokoa wote.

10. NA SISI?

Tukusanye maneno. Mwenye kujenga vizuri anafuata mustari huu: kwanza, azuie kazi isizaliwe (kina kidogo, kilima kwa stesheni, milango). Pili, atumie vitu vya bure (mwanga wa jua, upepo wa treni, ubaridi wa udongo na wa maji). Tatu, arudishe kile kinachobaki (umeme wa freni, joto). Nne, na mwisho, anunue mashini, ile inayohitajiwa tu, na asiibe kwa upande wa usalama.

Wengi katika dunia wanaanza kwa namba ya nne, kwa sababu mashini inaweza kununuliwa kwa siku moja, lakini kilima cha njia kinaomba mawazo ya miaka.

Mustari huo si wa metro peke yake. Ukitaka kujenga nyumba pa Kamina, uanze kwa kuangalia jua linatoka wapi na upepo unatoka wapi, upande muti wa kivuli mbele ya ukuta wa mangaribi, uinue dari, uweke madirisha mawili yenye kuangaliana. Baada ya hayo ndipo uulize bei ya mashini ya kupoza. Pengine hautaihitaji.

MAULIZO YA KUFIKIRI

(1) Treni ya tani 150 inaingia kwa kilometre 72 kwa saa, yaani metre 20 kwa segonde. Nguvu ya mwendo wake ni julu ngapi? Na kilowati-saa ngapi?

(2) Treni hiyo ikipanda kilima cha metre 4 kabla ya kusimama, ni sehemu gani ya nguvu hiyo itawekwa akiba?

(3) Kwa nini ni rahisi zaidi kurudisha umeme wa freni pahali ambapo treni nyingi zinapita kuliko pahali ambapo treni moja inapita kwa siku?

(4) Angalia darasa lako saa saba ya muchana. Joto lake linatoka wapi? Andika vitu vitatu, na kwa kila kimoja useme dawa isiyoomba umeme.

Mwenye kupata majibu ayalinganishe na ya mwenzake, kisha wayapeleke pamoja kwa mwalimu wa fizike.